Vazi Lisilo na Safari

Kuna picha moja ya mwezini ambayo imezagaa duniani kiasi kwamba hata asiyejua jina la aliyemo amewahi kuiona. Ni Julai 1969. Buzz Aldrin amesimama kwenye vumbi la kijivu, mkono wa kushoto ameukunja, na katika kioo cha dhahabu kilichomfunika uso anaonekana mpiga picha mwenyewe, Neil Armstrong, akiwa mdogo mno, pamoja na chombo kilichowashusha. Wengi wetu tunaitazama picha hiyo tukaona ushujaa, au upweke, au majivuno ya Marekani, kila mtu na moyo wake. Lakini wako watu wanaoitazama kwa jicho la fundi cherehani aliyealikwa harusini: wenzake wote macho kwa bibi harusi, yeye anachungulia mshono wa begani. Watu hao hujiuliza vumbi limepanda magotini mpaka wapi. Hujiuliza ile mirija ya mgongoni inaingia kifuani kwa tundu lipi, la juu au la chini. Huona kwamba kwenye pindo la glavu ya kushoto kumeshonewa orodha ya kazi, na kwamba mkono ule haukukunjwa kwa madaha. Huenda mtu alikuwa anasoma tu kilichobaki kufanywa. Huikuza picha mpaka ivunjike vidoti, wakahesabu mishono. Kisha hununua kitambaa, wakachukua mkasi, wakaanza kushona vazi la mwezini ambalo halitakwenda popote.

Ni uraibu wa watu wachache, wengi wao Marekani na Ulaya, na baadhi yao wana majina. Adam Savage, aliyejulikana kwa kipindi cha televisheni cha MythBusters, amekuwa akitengeneza na kukusanya nakala za mavazi ya anga kwa miaka mingi. Ryan Nagata wa Los Angeles alianza kwa kupenda tu, na leo kazi ya mikono yake inatafutwa na wenye filamu. Nyuma yao wako wasiojulikana, wanaoshona usiku baada ya kazi zao za mchana, mezani pale ambapo watoto wamemaliza kula. Ukiwauliza kwa nini, jibu huwa fupi kuliko kazi yenyewe. Tangu utotoni walilitaka vazi hilo. Halikupatikana dukani. Wakalishona.

Tazama pete moja tu, ile ya kuunganishia mirija kifuani. Katika vazi la Apollo, ule mpango wa Marekani wa kwenda mwezini, pete hizo zilichongwa kwa alumini, zikatiwa rangi ndani ya chuma chenyewe: buluu pale hewa inapoingia, nyekundu pale inapotokea. Ni mpango uliofikiriwa kwa ajili ya mtu aliyechoka, aliyevaa glavu nene, ambaye hana nafasi ya kukosea. Mwenye kunakili huichora pete hiyo kwenye kompyuta, akaichapa kwa mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa uzi wa plastiki, kisha akaipiga msasa mpaka mistari ya plastiki ipotee. Wengine huichukua pete ya kwanza wakaifanyia kalibu ya mpira, wakamimina rezini, zikatoka pete nne zinazofanana. Hupuliza rangi. Na rangi ikikauka ikang'aa, huchukua kitambaa kikavu wakaanza kuisugua kingo, taratibu, ili pete mpya ionekane imeshaguswa na mikono mingi. Kazi ya kuchakaza huchukua muda wake, na inataka adabu: ukizidisha, pete inakuwa takataka, ukipunguza, inabaki kuwa kitu cha kuchezea.

Nyuma ya pete hiyo hakuna kitu. Au kipo, na hapo ndipo kichekesho cha uraibu huu kinapoanza. Mtu akivaa kofia ya mviringo iliyoziba shingoni, pumzi yake mwenyewe hukifunika kioo kwa mvuke. Haoni mbele, jasho linamtiririka, hewa inamwishia. Kwa hiyo ndani ya mkoba wa mgongoni, mahali ambapo vazi la kweli lilibeba oksijeni na maji ya kupooza mwili, mwenye nakala huweka betri na feni ndogo ya kompyuta, akavuta mrija mpaka kidevuni. Kule juu vazi ndilo linalompa mtu hewa. Huku chini ndilo linalomnyima, naye anahangaika kuitafutia njia hewa iliyojaa chumba kizima, bure, inayoingia dirishani bila kuulizwa.

Siwezi kulipita hilo haraka, kwa sababu hewa ndiyo siri yote ya vazi hili. Tunaliona vazi la anga na kudhani ni nguo nene, jamaa ya koti la baridi. Kumbe ni puto lenye umbo la mtu. Ndani yake hujazwa hewa kwa shinikizo, katika Apollo kama robo ya lile tunalolibeba sote ufukweni mwa bahari bila kulihisi, na puto hilo, likiwa nje ambako hakuna kitu, hutaka kufanya kile ambacho kila puto hutaka: kuvimba na kukakamaa. Aleksei Leonov aliligundua hilo mnamo 18 Machi 1965, alipokuwa binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani. Alikaa nje kama dakika 12. Vazi likavimba, vidole vikatoka kwenye ncha za glavu, miguu ikaelea ndani ya buti, na aliporudi mlangoni hakuweza kuingia. Akafungua vali akapunguza hewa yake mwenyewe, ile anayoitegemea kuishi, mpaka vazi likalegea. Mwaka uliofuata, Houston, fundi mmoja wa majaribio aitwaye Jim LeBlanc alikuwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa pale mrija wa vazi lake ulipochomoka. Alizimia baada ya sekunde kama 14. Aliponea, na jambo la mwisho alilolikumbuka ni mate yakichemka juu ya ulimi wake.

Nakala haina habari na hayo. Haivimbi. Ukiishona kwa vipimo vilevile vya asili, hulegea mwilini na kujikunja kwenye viwiko, na mvaaji huonekana amevaa nguo ya kulalia. Kwa hiyo fundi hulazimika kuushonea upepo usiokuwapo: sponji za godoro zilizokatwa vipande, pamba za tandiko, mikono iliyokatwa mipana kuliko inavyohitajika, ili macho yaamini kwamba ndani mna kitu kinachosukuma. Utupu wenyewe, adui aliyelifanya vazi lote liwepo, hana budi kuigizwa kwa godoro. Na kuna jambo jingine ambalo hunifurahisha kila ninapolifikiria. Vazi la Apollo pamoja na mkoba wake lilikuwa na uzito wa kama kilo 90 duniani. Mwezini, ambako uzito ni moja ya sita, zikabaki kama 15. Nakala ya pamba, sponji na plastiki, ivaliwayo hapa duniani, huenda ikakaribia uzito huohuo wa mwezini. Bega la mshonaji wa sebuleni linaweza basi kuonja, bila roketi, mzigo uleule alioubeba Armstrong.

Wako wachache waliokataa kuishia kwenye sura. Cameron Smith, mwanaakiolojia wa Portland, Oregon, alijitengenezea nyumbani vazi linalojaa hewa kweli, kwa fedha ndogo na vitu vya kuokoteza, akilenga kupanda nalo kwa puto mahali ambapo hewa haimtoshi mtu. Sijui kama tumweke pamoja na wanaonakili au pamoja na wanaosafiri. Mpaka kati yao naona ni pumzi: siku vazi linapoizuia pumzi isitoroke, hata kama limeshonwa jikoni, limeacha kuwa vazi la maonyesho.

Lakini wengi hawataki kufika huko, nami sioni kwamba wamepungukiwa. Anayenakili kwa uaminifu hufika mahali ambapo msomaji wa historia hafikishwi kwa urahisi. Vitabu vinatuanzia na mtu wa kwanza kukanyaga, vikataja maneno aliyoyasema na rais aliyempigia simu. Anayeshona hupelekwa kwa njia nyingine, njia ya uzi, na uzi huo humfikisha Delaware, kwenye kampuni ya International Latex, watu wa Playtex, waliojulikana Marekani nzima kwa sidiria na mikanda ya kubana tumbo. Hao ndio walioishona suti ya mwezini. Walishindana na kampuni zilizozoea kuunda vifaa vya kijeshi. Watu wa sidiria walijua kitu kingine: jinsi ya kuufunika mwili unaopinda, unaopumua, unaotoka jasho, kwa mpira na kitambaa, pasipo kuubana mpaka ushindwe kusogea. Wakashinda.

Na waliokaa kwenye mashine walikuwa wanawake, baadhi yao wametolewa moja kwa moja kwenye mstari wa nguo za ndani. Walishona tabaka kama 21, juu ya vyerehani vya Singer, na kosa waliloruhusiwa katika mshono halikuzidi moja ya sitini na nne ya inchi, chini ya nusu milimita. Mwenye kushona atajua maana yake. Pini, rafiki wa kila fundi, zilikuwa hatari. Zilitolewa kwa hesabu na kurudishwa kwa hesabu, maana pini moja iliyosahauliwa kati ya tabaka ni tundu, na tundu ni mtu. Huwezi kufumua na kuanza upya, kwa kuwa sindano ikishapita kwenye kitambaa cha aina ile imeacha alama yake. Eleanor Foraker, mmoja wa waliosimamia kazi hiyo, jina lake halimo kwenye sarafu wala stempu ninayoijua. Lakini mtu anayekaa leo na kushona kiwiko cha Apollo, akakosea mara ya kwanza, akafumua, akakosea tena, anamfahamu kwa ncha za vidole. Cherehani cha Singer nacho si kigeni kwetu. Kimekaa kwenye baraza za Zanzibar, Lamu, Mombasa na Kariakoo, cheusi, chenye maua ya dhahabu yaliyofifia, kikishona kanzu na sare za shule. Ukoo mmoja wa mashine, na nguo moja ikaenda mwezini.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nasi tunalichukua neno hilo kama onyo kwa wapenda makuu. Katika vazi la anga ni kanuni ya ufundi. Kila mwanaanga aliyeteuliwa kwenda na Apollo alikatiwa mavazi matatu kwa vipimo vyake, moja la mazoezi, moja la safari, moja la akiba. La Armstrong lisingemfaa Aldrin. Mwenye nakala naye hufika kwenye njia panda hiyo. Akitaka kunakili vazi la Armstrong lenyewe, lazima awe na mwili wa Armstrong. Mwili wake ukiwa mwingine, lazima achague, awe mwaminifu kwa vipimo vya asili au kwa tumbo lake. Wengi huchagua tumbo. Hapo nakala inaacha kuwa nakala ya vazi la fulani, inakuwa vazi ambalo fundi wa Delaware angemshonea yeye kama angeitwa.

Wakati huohuo asili inaoza. Hilo husahaulika. Tumezoea kufikiri kwamba kitu cha kweli kimetulia mahali salama na nakala ndiyo ipitayo. Vazi la Armstrong lilitengenezwa lifanye kazi ya siku chache, si lidumu. Mpira wake wa ndani unakakamaa na kumeguka, plastiki ya mirija yake inatoa majimaji yanayochafua kitambaa, zipu yake haina hamu ya kufungwa tena. Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington yaliliondoa mbele ya watu mwaka 2006. Mwaka 2015 wananchi walichangishwa fedha kwa mtandao ili litunzwe, na tarehe 16 Julai 2019, nusu karne kamili tangu Apollo 11 iliporuka, likarudishwa, ndani ya kabati lenye ubaridi na hewa iliyopimwa unyevu, limevikwa sanamu maalumu ili lisijiumize kwa uzito wake lenyewe. Hakuna atakayelivaa tena. Kuna methali ya uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi, na kwa kawaida tungeirusha kwa nakala, kitu cha kupendeza nje tu. Safari hii methali imemwangukia mwenyewe halisi. Nakala ya sebuleni inavaliwa, inatolewa jasho, inafuliwa, inachanika kwapa na kushonwa tena.

Na vipo vitu vya safari ile ambavyo hapa duniani havikubaki ila kwa nakala. Zile buti za nje, zenye soli ya mpira wa silikoni iliyochora ule unyayo maarufu wenye mistari, Armstrong na Aldrin waliziacha. Waliacha pia mikoba ya mgongoni. Chombo cha kupandia kilikuwa na kipimo cha uzito, na mawe ya mwezini yalikuwa na thamani kuliko viatu, kwa hiyo viatu vikatupwa nje ya mlango. Viko huko mpaka leo, vinaungua mchana na kuganda usiku. Mtu anayekaa na rezini na kalibu yake kutengeneza soli ile, akipima mistari kutoka kwenye picha ya unyayo, anafanya kazi ya kinyume: muhuri umepotea, yeye anauchonga kutoka kwenye alama yake.

Najua lipo neno tayari mdomoni mwa msomaji. Usiige tembo kunya, utapasuka msamba. Ni methali ya kweli na imeokoa wengi, ingawa kwa vazi la Apollo, ambalo zipu yake ilipita mgongoni mpaka msambani, inachekesha zaidi kuliko kutisha. Lakini pwani yetu ina historia nyingine ya kumwiga tembo, ambayo siyo ya kupasuka. Kuanzia miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vikundi vya ngoma ya beni vilijishonea sare za mabaharia na maofisa wa Kizungu, vikapeana vyeo vya wafalme na majenerali, vikapiga tarumbeta na kushindana mtaa kwa mtaa. Beni ilisafiri na askari na wafanyakazi mpaka Tanganyika, ikavuka mpaka machimbo ya shaba ya Zambia ya leo. Wakoloni hawakujua wacheke au waogope. Waliona nguo zao wenyewe zinawatembelea, zimekatwa vizuri, zimepigwa pasi, zikiwa juu ya watu ambao hawakuwaandikisha jeshini. Sioni vema kuuita mwigo huo utumwa wa mawazo. Kuivaa nguo ya mwenye nguvu ni njia mojawapo ya kumpima, kujua anabanwa wapi na kulegea wapi, na kumwonyesha kwamba ukuu wake unashoneka.

Na Zambia ndiko alikokuwa Edward Makuka Nkoloso. Mwaka 1964, nchi ikipata uhuru, mwalimu huyu, aliyekuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia na mpigania uhuru aliyefungwa, alitangaza kwamba Zambia itakwenda mwezini na Mirihi, tena mbele ya Wamarekani na Warusi. Alikuwa na chuo chake cha sayansi ya anga, na wanafunzi, miongoni mwao msichana Matha Mwamba. Aliwaviringisha kilimani ndani ya pipa la mafuta ili wazoee kukosa uzito. Aliwabembeza kwa kamba, akaikata kamba kileleni. Yeye mwenyewe alivaa kofia ya kivita na joho. Waandishi wa nje walikuja na kamera, wakacheka, wakaondoka. Namwali Serpell, mwandishi wa Zambia, amelitazama jambo hilo upya na kuona kwamba huenda Nkoloso ndiye aliyekuwa anacheka, kwa uso mkavu, akiigiza mashindano ya wakubwa mbele ya wakubwa. Naliamini hilo zaidi ya ile hadithi ya kichaa wa kijijini. Mtu aliyekwisha kuona jinsi sare inavyomfanya askari hakosi kujua inavyoweza kumfanya mwanaanga.

Mwaka 2012 mpiga picha wa Hispania, Cristina de Middel, alitoa kitabu cha picha kiitwacho The Afronauts, humo mna wanaanga waliovaa suti za kitambaa cha maua, aina ya vitenge. Ni picha nzuri. Hazikupigwa Zambia, na mavazi yale hayakuvaliwa na wanafunzi wa Nkoloso. Ni nakala za kitu ambacho hakikuwahi kushonwa. Hapo moyo wangu hugawanyika. Uzuri naukubali, lakini naona pia jinsi maua yanavyofanya haraka kazi ya kutuambia hawa ni Waafrika, wakati Nkoloso alitaka kwenda Mirihi, hakutaka kwenda sokoni. Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, amekitumia kitenge kwa werevu zaidi. Katika sanamu yake, mwanaanga mkimbizi amebeba mgongoni wavu wa vyombo vya nyumbani, mzigo wa mtu aliyehama bila kujua aendako. Na kitambaa alichomvika nacho ni mwigo uliokubuhu: Waholanzi waliiga batiki za Java kwa mashine, wakauza Afrika, sisi tukakichukua mpaka kikawa chetu, na sasa ndicho kinachotutambulisha. Ukianza kumsaka mwenye asili katika kabati la nguo hutamaliza.

Pwani nayo, kwa upande wake, ilikuwa na mlango wa mbinguni. Kuanzia 1967 Waitaliano walirusha satelaiti kutoka majukwaa yaliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, na mnamo 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikatoka hapo satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina la Uhuru. Haikuwa na mtu ndani. Hakuna fundi aliyeitwa kupima mabega.

Kinachonivuta zaidi kuliko nakala za yaliyopita ni nakala za yajayo. Februari 2018, katika jangwa la Dhofar, Oman, nchi ambayo Kiswahili kina wenyewe majumbani, kikosi cha Jukwaa la Anga la Austria, ambalo sehemu kubwa yake ni watu wanaojitolea, kilipiga kambi kwa wiki kadhaa kikaishi kana kwamba kiko Mirihi. Walivaa mavazi yaitwayo Aouda, kwa jina la binti mfalme katika riwaya ya Jules Verne. Kila moja lina uzito wa karibu kilo 50. Halijazwi hewa. Badala yake ndani yake mna mifupa ya nje inayompinga mvaaji kila anapokunja kiwiko au goti, ili achoke kama ambavyo vazi lililovimba lingemchosha. Sponji ya mshonaji wa sebuleni hudanganya macho. Mifupa ya Aouda hudanganya misuli, na huo ni uongo wenye elimu ndani yake. Wanataka kujua, kabla mtu hajapelekwa mbali kiasi cha kutookolewa, kama ataweza kuokota jiwe. Vazi la kweli la kutembelea Mirihi bado halijavaliwa na yeyote kule. Nakala imetangulia, imeshakusanya mchanga wa Dhofar kwenye mikunjo.

Ndiyo maana naona taabu kumwambia anayenakili kwamba anacheza tu. Kampuni ya SpaceX ilipotaka mavazi ya wanaanga wake, ilimwendea Jose Fernandez, mbunifu wa mavazi ya mashujaa wa sinema. Alichora sura kwanza, vazi la kupendeza, kisha wahandisi wakaachiwa kazi ya kulifanya limhifadhi mtu. Tarehe 30 Mei 2020 Doug Hurley na Bob Behnken walipaa wakiwa ndani yake. Kwa hiyo vazi la maonyesho limezaa vazi la safari, na sasa wako watu wanaolinakili vazi la safari kwa ajili ya maonyesho, na duara linaendelea bila mtu kujua lilianzia wapi.

Jambo moja nakala hailikwepi, nalo ndilo naliona tamu kuliko yote. Huwezi kulivaa peke yako. Zipu ya Apollo iko mgongoni. Pete za glavu zinataka mkono wa pili ulio huru. Ukishavaa kofia husikii vizuri. Ukishavaa mkoba huwezi kuinama kufunga buti. NASA ilikuwa na mafundi wa kuvalisha, na mmoja wao, Joe Schmitt, alimvalisha mwanaanga Alan Shepard mwaka 1961 na akaendelea na kazi hiyo kwa miaka. Mchoraji Norman Rockwell alipowachora wanaanga Grissom na Young wakivalishwa, Schmitt naye yumo kwenye picha. Shujaa wa anga huanza safari akiwa amesimama mikono wazi, anafungwa vifungo. Mwenye nakala anahitaji mke, au mume, au jirani asiye na haraka, atakayevuta zipu mpaka juu na kumwambia kioo kimeanza kufanya ukungu. Wanasema mavazi haya huharibu ndoa kwa gharama. Nashuku pia yameziokoa chache kwa zipu.

Sasa kuna vazi jipya la kurudi mwezini, kazi ya kampuni ya Axiom Space. Machi 2023 lilipoonyeshwa Houston lilikuwa jeusi, lenye rangi ya chungwa na buluu, na watu wakalipenda papo hapo. Lakini ule weusi ulikuwa kifuniko tu, umewekwa kuficha siri za ufundi, na aliyeubuni ni Esther Marquis, mtengenezaji wa mavazi ya tamthilia ya anga, For All Mankind. La safari lazima liwe jeupe, kwa sababu ya jua. Aliyekimbilia kununua kitambaa cheusi alikuwa ananakili pazia. Oktoba 2024, Milan, likatolewa kwa rangi yake, na waliosaidia tabaka la nje ni Prada, wauza mikoba na magauni. Baada ya sidiria za Playtex, mwezi umerudi tena mikononi mwa washonaji wa wanawake. Picha za siku hiyo zimeshakuzwa na kukatwakatwa. Watu wanabishana kuhusu mistari myekundu ya mkononi, upana wake, na kama ule ni mshono mmoja au miwili. Vazi lenyewe bado halijaenda. Sitashangaa nakala zikamalizika mwanzo.